Meno ya Plastiki na Mgongo wa Bibi

Jumamosi. Upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake, vumbi limeingia hadi kwenye kikombe cha chai, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Juzi nilitoroka kazini Mtumba nikamwone daktari wa meno. Nilichoka na taya linalouma kila nikila nyama, na kujing'ata ulimi kama mtoto. Aliniambia nifumbe, niume, nifungue. Meno yangu ya juu na ya chini hayakutani. Ya chini yamehamia kushoto yote, kama watu waliosogea kwenye benchi baada ya mwenzao kuondoka. Kisha akaniuliza kama nilitolewa meno ya plastiki nikiwa mchanga.

Nilicheka. Kwetu Haneti, nani hakutolewa?

Akanieleza taratibu. Vile vyeupe vinavyoonekana kwenye fizi za mtoto mwenye homa na kuharisha si ugonjwa, ni chonge za utotoni ambazo bado hazijatoka. Ukizing'oa, unaweza kuharibu na zile za ukubwani zilizo chini yake. Nafasi inabaki wazi, na meno mengine yanajipangia yanavyotaka. Nitafungwa waya kwa muda mrefu, mapengo yatazibwa baadaye. Hilo halikunisumbua.

Kilichoniuma ni kumkumbuka Bibi, mama yake Mama. Ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kijiji cha pili nikatolewe. Alipenda kunisimulia safari hiyo, akijisifu alivyoniokoa, nami nimelala mapajani pake, kanga yake inanukia moshi. Msimu wa mavuno alinimenyea mabua matamu ya mtama, akayachana vipande vyembamba kwa sababu alijua siwezi kuyang'ata. Hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Wala mimi.

Nina hamu naye sana.

Sasa binti yangu, Neema, ana miezi mitano. Jana aliamka na homa, anaharisha, udenda chapachapa. Mama, aliyekuja kunisaidia kulea, akamfunua fizi.

"Mwanangu, ni ya plastiki haya. Nimeambiwa hapa Miyuji kuna mama anayatoa, mkono wake mwepesi."

Alikuwa ameshachukua kanga ya kumbebea.

Nikasema hapana. Sijazoea kumwambia Mama hapana. Nikafungua mdomo, nikamwonyesha mapengo yangu, nikamweleza yote aliyosema daktari. Nilijua atanifokea kwamba nimesoma hadi nimedharau wakubwa.

Hakufoka. Aliketi kitandani, akanitazama kinywani, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo na wewe ilikuwa homa tu?"

Tulimpeleka Neema zahanati, akapimwa, akapewa dawa. Mama ndiye aliyembeba kwenda na kurudi. Kila nikitaka kumpokea, ananiambia niache, hajachoka.

Leo homa imeshuka. Mtoto ananyonya vizuri. Mama yuko naye chumbani, anampitishia kidole kwenye fizi.

Nimekuwa nikimtazama kupitia mlango, na najiuliza swali moja tu. Angekuwa ni Bibi aliyeishika ile kanga jana, ningethubutu kumfungulia mdomo?