Neumbe Amekata Kahawa Yote

Ijumaa jioni, Nabuyonga, nyumbani. Alfajiri mvua ilinyesha kwa fujo, mchana jua likawaka, na sasa barabara imekauka kama haikuguswa. Nimekwenda Jinja na kurudi leo leo. Kiuno kinauma. Moyo hauumi, na asubuhi ulikuwa unauma.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni afisa ugani. Napanda milima ya Bugisu kuwaambia watu wafanye nini na kahawa yao. Huko juu wananiita Afande, kwanza kwa sababu ya Kiswahili changu, maana kwetu ni lugha ya askari, pili kwa sababu, wanasema, naamrisha. Kiswahili nilikiokota kwenye nyumba za askari magereza, baba yangu akiwa askari aliyetoka kaskazini. Kuamrisha nimezaliwa nako.

Na kazi hii naiweza. Sitajifanya mnyenyekevu kwenye blogu yangu mwenyewe.

Miezi miwili iliyopita nilifundisha kikundi kimoja jinsi ya kufufua kahawa iliyozeeka. Unakata mti kwa msumeno, unaacha kisiki kinachofika gotini, kisiki kinachipua upya, unachagua machipukizi machache na mengine unang'oa. Tatizo ni kwamba mti uliokatwa hauzai kwa misimu miwili. Kwa hiyo hukati shamba zima. Unakata theluthi mwaka huu, theluthi mwakani, theluthi mwaka wa tatu, na nyumba haikosi mavuno. Nilichora ubaoni, nikauliza maswali, wakaitikia kwa vichwa.

Mama mmoja, Neumbe, aliitikia kuliko wote. Wiki iliyofuata akakata miti yote.

Najua msomaji wa Dar au Nairobi atasema, sawa, ni hasara ya misimu miwili, maisha yaendelee. Hapana. Kwenye ukoo ule kijana akishatahiriwa baba yake humwonyesha shamba lake, na kahawa iliyomo inakuwa yake. Mke atapalilia, atachuma, atabeba. Kutia chuma kwenye shina ni kazi ya mume. Mume akiwa safarini, miti inamngoja. Mke anayekata kahawa ya mume aliye hai amemtangaza marehemu.

Na mume yu hai. Anaitwa Wamono, na huu ni mwaka wa nne anapakua magunia ya mahindi kwenye ghala moja huko Jinja. Mdogo wake, Khaukha, ndiye macho yake nyumbani, na macho hayo hayasinzii. Simu ilipigwa. Juzi juzi jibu la Wamono likazunguka mlima mzima: Jumapili hii anakuja kumrudisha Neumbe kwa wazazi wake. Watoto watatu wanabaki.

Nilipolisikia hilo Jumanne nilipanda mlima nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa Neumbe. Nilimgombeza mbele ya visiki vyake. Nilimuuliza kama darasani alikuwa amelala. Yeye alikuwa anapalilia maharagwe, maana kivuli kimeondoka na katikati ya visiki amepanda maharagwe tele, na maharagwe, kwa desturi hiyo hiyo, ni ya mwanamke. Aliniacha nimalize.

"Afande, mimi nilisikia yote," akasema. "Lakini nikikata theluthi, Khaukha anakuja kesho ananyang'anya msumeno. Hiyo ingine nitakata lini? Mimi napata nafasi moja tu."

Niliteremka mlima.

Uchumi wa kilimo nimeusoma miaka mitatu. Bei naijua, mvua naijua, umri wa mti naujua kwa kuutazama. Lakini somo langu lote lilisimama juu ya jambo ambalo sikuwahi kulisema wala kulifikiri: kwamba anayekata mwaka huu ataruhusiwa kukata mwakani. Wanaume wa mlima ule wako Jinja, wako Kampala, wengine wamevuka mpaka wakaingia Kenya. Wanaokuja darasani kwangu ni wake zao. Nimewafundisha mpango wa miaka mitatu watu ambao hawana hakika na wiki ijayo, halafu nashangaa kwa nini kahawa inazidi kuzeeka. Neumbe alipiga hesabu vizuri kuliko mimi, na inanichoma kidogo kuandika hivyo.

Basi leo nikamfuata Wamono.

Nilimkuta nje ya ghala saa ya chakula, amekaa na madereva wawili Wakenya. Kiswahili chake kimetoka kwao, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alininyanyukia, akanitafutia kiti, akasisitiza nile. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hotuba yangu ndefu kuhusu miti iliyochoka. Hakunipa nafasi. Hayo yote anayajua, aliniambia; alijua hata kabla ya kuondoka kwamba kahawa ile imekwisha. Kila Krismasi akienda nyumbani alisema ataikata, na kila Krismasi aliishia kunywa na ndugu zake na kurudi.

"Madam, watu wanasema nimekufa," akasema. "Mimi hapa nabeba gunia, hakuna mtu anajua mimi ni nani. Kule, ile kahawa ndiyo ilikuwa inasema Wamono yuko."

Nilimhurumia. Nilikuwa nimekwenda kupambana naye, na nikamhurumia.

Nikamwonyesha picha kwenye simu yangu: visiki vyenye machipukizi mabichi, na maharagwe katikati. Aliikuza kwa vidole viwili akaangalia mkato. Ulikuwa wa mshazari, ili maji yasituame juu ya kisiki. Akatikisa kichwa kukubali kabla hajajizuia.

Ndipo akaniletea njia ya mkato. Aliniomba niseme kwamba ni mimi niliyemwamuru Neumbe akate yote. Amri ya serikali haina mjadala; ukoo ungenyamaza, Khaukha angenyamaza, na yeye asingelazimika kumrudisha mtu kwao.

Acha niseme ukweli, nilishafungua mdomo kukubali. Uongo mmoja mdogo na mama anabaki na watoto wake! Ila kitu fulani kilinizuia. Pengine aibu ya Jumanne ilikuwa bado mbichi. Nimezoea kuamua kwa niaba ya watu, na safari hii nikaona nimpigie simu mwenye shauri. Nikamweleza Neumbe pale pale, nikamuuliza anataka niseme nini.

Akauliza kama Wamono yuko hapo.

"Mwambie ni mimi nilikata," akasema. "Ukisema ni wewe, hata kuchagua machipukizi watangoja mpaka wewe uje. Mpe simu."

Nikampa. Waliongea Kigisu, ambacho nakisikia kwa mbali tu. Walianza kwa sauti ya juu na madereva wakasogea pembeni kwa adabu. Kisha sauti ikashuka, na Wamono akageukia ukuta wa ghala. Alipomaliza aliifuta simu kwa shati lake na kunirudishia. Alisema Jumapili atakwenda, lakini hamrudishi mtu popote, na yeye mwenyewe atamwambia Khaukha.

Halafu akalalamika kwamba angalau angeulizwa kwanza. Nikamuuliza angejibu nini. Akafikiri, akakiri kwamba angekataa. Tukacheka, yeye kidogo kuliko mimi.

Mambo hayajaisha. Misimu miwili bila kahawa ni mirefu, na ulimi wa Khaukha nao ni mrefu. Lakini maharagwe yanachanua, visiki vimechipua, na mimi nawaamini watu wale wawili kuliko nilivyowaamini juzi. Nyumba ile itasimama. Naandika hapa mniulize baadaye.

Wakati naondoka Wamono aliniuliza kwenye kisiki kimoja huachwa machipukizi mangapi. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwambia Neumbe anajua.

Sasa nimekaa hapa mlangoni na nafsi inanituma nipande mlima Jumapili, nisimame kati yao, nioneshe kwa kidole chipukizi hili liachwe, hili ling'olewe. Najua nitakachokuta nikienda: wote wawili watageuka kuniangalia mimi.

Nguo zangu za wiki nzima ni chafu. Jumapili nitabaki Nabuyonga, nifue.