Shanga za Bibi na Kisanduku cha Ziwani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia kabla hujaitamka, na ndiyo inayonipa nguvu ya kuandika. Presha imetulia? Maganga ananiambia umeshaanza kwenda kwenye mizinga kuwagombeza warina asali, nami sijui nifurahi au nimwombe daktari akurudishe kitandani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ufini imeanza kunitafuta mifupani, na wazee ninaowahudumia wananicheka nikivaa makoti mawili.

Mama, nina jambo la kukiri. Ningelisema kwenye simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika katikati. Shanga za Bibi sinazo tena. Usiitupe barua, soma kwanza.

Ilikuwa Jumapili ile ulipolazwa hospitali ya Kitete. Maganga alinipigia asubuhi: "Dada, Mama amelazwa. Haongei. We omba tu." Kisha simu yake ikazimika, na kila nikipiga naambiwa haipatikani. Nilizunguka chumbani hadi Riitta, mwenzangu wa kazini, akaja kunichukua tukatembee kando ya ziwa, maana huku mtu akiwa na shida dawa yake ya kwanza ni kutembezwa. Nusu ya njia goti likamsumbua, akakaa kwenye benchi. Mimi miguu haikutaka kusimama.

Mbele kidogo, kwenye mizizi ya msonobari, nikaona kisanduku cha bati. Nikakifungua. Ndani kulikuwa na sarafu, vifungo, gamba la konokono, na karatasi yenye picha ya mzee wa ndevu ndefu akitoka majini. Maandishi yao bado yananishinda. Lakini vitu vile, Mama, chini ya mti, kando ya maji, wewe ungesema ni nini? Nilisema moyoni, kumbe na hawa wana mizimu yao.

Najua, wewe ni mzee wa kanisa. Lakini unalikumbuka lile rundo la mawe na vijiti kwenye njia panda ya Sikonge, ambapo Bibi alishuka kwenye baiskeli kila tulipopita, aweke kijiti chake? Alisema babu zake waliobeba pembe za ndovu hadi pwani hawakupita mahali kama pale mikono mitupu. Wewe ulijifanya unafunga kanga vizuri mpaka amalize. Na mwaka ule Baba alipougua nilikuona, ulidhani nimetangulia. Uliweka kijiti. Sijawahi kumwambia mtu.

Basi nilichuchumaa, nikamwamkia yule mzee wa kwenye karatasi. Nikamwomba radhi kwa kukaa nchini kwake miezi saba bila kupiga hodi. Nikamweleza habari zako kwa Kinyamwezi, maana Kifini changu ni cha kuombea chumvi tu, na Kiswahili niliona hakitafika. Mfukoni nilikuwa na funguo na kadi ya basi. Mkononi nilikuwa na shanga. Nikazivua, nikaziweka, nikafunga kisanduku na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Jumanne uliongea. Ulisema, "Mchuzi huu hauna chumvi," Maganga akanirekodia, nami nikalia kazini mbele ya watu.

Ndipo nikamsimulia Riitta. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauona uso wangu, akanieleza. Kumbe ni mchezo. Mtu anaficha kisanduku, wengine wanakitafuta kwa ramani ya simu; anayekipata anachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Hiki kimetengenezwa kwa kukumbuka hadithi yao ya kale ya mfalme wa maji, ambaye wavuvi walimwachia sarafu ili awape samaki. Kwa hiyo sikukosea sana, nilichelewa tu.

Tulirudi mbio. Shanga hazikuwepo, mahali pake mtu alikuwa ameacha mshumaa. Riitta akaandika ujumbe kwenye ule mchezo, na aliyezichukua akajibu siku hiyohiyo: ni bibi mmoja mstaafu, amempa mjukuu wake. Aliomba radhi sana, akasema yuko tayari kuzirudisha.

Hapo nikakwama, Mama. Bibi alikupa wewe, nawe ukanivalisha stendi ya Tabora, ukasema siku moja zifike kwa binti yangu. Nilizitaka, nisikudanganye. Lakini nilizitoa kwa ajili yako, na kwetu kilichotolewa hakifuatwi. Riitta akaniambia, "Lakini ulikuwa mchezo tu, Nyamizi." Nikamjibu, "Mama yangu aliongea Jumanne." Tukamwandikia yule bibi kwamba mtoto azivae.

Kwa hiyo sikuzipoteza, nilizitoa. Hata hivyo bado najishika mkono nikitafuta kilichokuwepo, na roho inaniuma.

Msalimie Baba, mwambie apumzike na mashamba ya tumbaku. Mdogo wangu Maganga aichaji simu yake. Shangazi wa Nzega na mjomba wa Urambo wote nawasalimu, na kwaya ya akina mama pia, ingawa habari hii usiwapelekee.

Najua utakasirika. Usimtume Maganga aniambie umenisamehe. Nipigie mwenyewe, unigombeze kwa sauti ya juu mpaka salio liishe, nikusikie.

Mwanao,
Nyamizi