Ndege Wawili Kutoka Thorley

Thorley, 3 Novemba 1957

Baba mpenzi,

Hujambo? Kifua kinakuachia ulale? Mimi mzima, ila miguu. Tangu chama kimpitishe Lionel kugombea ubunge nimefungua minada saba ya kanisa na kusifu keki nisizozila. Kauli yangu ni moja: "Vizuri sana." Miaka mitatu ya Kigiriki chuoni, kumbe kwa hili.

Mama mkwe amehamia maktaba ya hapa nyumbani. Barua zote za nyumba hii zinapitia mezani kwake mpaka kura zipigwe. Nilipouliza zangu alicheka: "Mke wa mgombea hana zake, mpenzi. Hata kofia si yake." Lionel akaninong'oneza, "Mwache mama. Ametushindia chaguzi nne."

Hospitali ikikupangia siku ya upasuaji, niandikie upesi. Nitakuja hata iwe siku ya kura. Naahidi.

Mwanao,
Enid


Todmorden, 13 Novemba

Mwanangu Enid,

Salamu nyingi. Sijambo, kwa kiasi cha mzee aliyevuta moshi wa reli miaka arobaini. Siku yangu ni Jumanne, tarehe 26. Wataondoa pafu moja; daktari anasema litakalobaki litazoea kazi.

Kisu sikiogopi. Naogopa Jumatatu jioni, kulala pale na kusubiri. Mama yako angekuwa hai nisingekusumbua. Njoo Jumatatu hiyo tu, unigombeze kidogo kama kawaida yako, kisha urudi kwa wapiga kura wako.

Bi Ackroyd wa jirani amekwisha kutandika kitanda chako. Nilimwambia siku hizi unalalia mto wa hariri. Akasema, "Atalalia wa pamba. Kichwa ni kilekile."

Baba yako


Todmorden, 23 Novemba

Mwanangu Enid,

Natumai hujambo, na mumeo. Ndege wa kuwindwa mliowatuma wamefika salama, wawili, mikia mirefu. Kadi imechapwa vizuri: "Familia ya Thorley inakutakia nafuu ya haraka." Niliigeuza nyuma kutafuta mwandiko wako.

Bi Ackroyd aliwatazama sana. "Wamekuja na manyoya yao na macho yao. Wanataka uwapike au uwazike?" Tumewaning'iniza kwenye stoo ya makaa.

Nimeelewa, mwanangu. Kura ni Alhamisi, huwezi kutoka. Nimeendesha ishara za reli maisha yangu yote; najua treni ya haraka haisimamishwi kwa abiria mmoja. Usijilaumu. Kofia imekupendeza gazetini.

Baba yako


Thorley, 29 Novemba

Baba,

U hali gani? Sikuulizi kwa mazoea. Nauliza kwa sababu hakuna anayeniambia.

Lionel ameshinda. Asubuhi hii, pamoja na chai, nililetewa barua zako mbili kwa mpigo, zimekwisha kupasuliwa kwa kisu. Muda wote nilidhani hospitali bado haijakupangia siku. Jumatatu ile jioni, Baba, nilikuwa nasifu jamu.

Nilikwenda nazo kwa mama mkwe. Hakuinua macho kwenye yai lake. "Nilimtumia jozi ya ndege, tena wazuri. Wagonjwa wetu wote tunawatumia. Ungemfanyia nini kule, mpenzi? Wewe si daktari." Haoni kosa. Ningepata hata chembe ya ubaya ndani yake, ningejua pa kushika nigombane naye. Sikupata. Nikasema asante, nikatoka.

Nimepiga simu hospitali. Muuguzi aliniuliza mimi nani. Nikasema binti yake. Akapekua karatasi. "Kwenye fomu, penye jamaa wa karibu, ameandika jirani, Bi Ackroyd. Habari zake tunampa yeye." Nikamwambia Bi Ackroyd hana simu. Akasema pole.

Gari liko mlangoni na Lionel anapiga honi. Leo tunazunguka jimbo kushukuru watu. Nakuja kwa treni ya kesho asubuhi. Barua hii itangulie, na ukiweza kusema, mwambie Bi Ackroyd aniambie nikifika jambo moja tu: fomu ile uliijaza kabla ya wale ndege kufika, au baada?

Mwanao,
Enid