Kioo Kinachodaiwa Kuibwa: Maelezo ya Bi. Mitali Kuhusu Laptopu ya Nyaramba

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, mjini Kisii, tarehe 9 Desemba 1999, mbele ya Koplo Haron.

Jina: Mitali Aakash. Umri: miaka 38. Kazi: muuzaji katika duka la vifaa vya stima la baba mkwe wangu, Rasiklal. Makazi: ghorofani, juu ya duka hilo.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Naomba afande asinikatize, maana nikikatizwa huanza upya.

Mnamo tarehe 4 Desemba 1999, mwendo wa saa nne asubuhi, watu sita wa kikundi cha vijana cha Nyaramba waliingia dukani. Walitaka laptopu ya gemu za magari, waiweke kwenye kibanda sokoni watu wacheze kwa kulipia. Walitaka ya kubeba kwa sababu stima ya kwao hupotea ovyo na kibandani hakuwezi kulazwa kitu cha maana usiku.

Nilikuwa na mbili za bei ya chini, zote zimeshatumika. Ya kwanza ilikuwa na kioo kizuri sana, picha yake ina vitone vingi vidogo vidogo, hata majani ya miti unayaona. Lakini nguvu yake ya kuchora picha ilikuwa haba. Ya pili ilikuwa na vitone vichache na kioo chake kina ukungu, ila gemu ilikimbia humo bila kukwama. Niliwaeleza kwamba vitone vikiwa vingi, mashine hulazimika kuvichora vyote upya kila gari linaposogea, na isiyo na nguvu huchoka. Nikawashauri wachukue ya pili.

Mwenyekiti wao, Nehemiah Onchiri, alikuwa na upimaji wake. Alisema gemu huchezwa na wawili lakini sokoni hutazamwa na umati. Basi aliziweka zote mbili juu ya kaunta, zikionyesha picha ya kufungulia gemu, kisha akawarudisha wenzake nyuma hadi ng'ambo ya barabara. Walikaribia kugongwa na mkokoteni wa ndizi. Hivyo ndivyo watu hununua televisheni hapa, na ingekuwa televisheni ningewaelewa.

"Hii ingine iko giza," Onchiri alisema. "Hata gari sioni. Tunabeba hii safi."

"Mwenyekiti, kwanza muone gemu ikikimbia," nikamwambia.

"Mama Trisha," akajibu, akiniita kwa jina la binti yangu, "hatukukuja kucheza. Tumekuja kununua."

Mmoja tu ndiye aliyenisikiliza, Abner Nyangau, ambaye sasa yuko seli. Alisema, "Mwenyekiti, huyu mama anajua kazi yake. Tubebe ile ya giza." Wakapiga kura kwa kuinua mikono, na Abner akabaki peke yake. Hakununa. Halafu wakamkabidhi yeye mashine aitunze nyumbani kwake, kwa kuwa mlango wake una kufuli nzuri.

Kabla hawajaondoka aliniuliza, "Na ikichoka, nifanye nini?" Nikamwonyesha pa kupunguzia vitone. Nilimweleza kwamba gemu itakimbia, lakini picha itakuwa ndogo, itakaa katikati ya kioo na pembeni kutabaki kweusi.

Yaliyofuata Nyaramba sikuyaona. Nimeyasikia kutoka kwa Abner na kwa Onchiri, na hawapingani. Siku ya kwanza gemu ilijikokota, watu wakazomea, wakadai warudishiwe pesa. Jioni Abner aliipeleka nyumbani, akapunguza vitone kama nilivyomfundisha. Asubuhi aliwaita wenzake kwa furaha waje waone. Wao hawakutazama gari likikimbia. Waliona picha imepungua, wakapiga kelele kwamba ametoa kioo cha kikundi akakiuza, akaweka kidogo. Hawakumpa nafasi ya kueleza. Nimeambiwa kesho anapelekwa kortini kwa wizi, na hilo limeniudhi sana.

Leo saa nane mchana niliitwa kituoni, nikaikuta mashine juu ya kaunta hii. Niliongeza vitone, picha ikajaa kioo chote. Nikavipunguza, ikarudi ndogo. Nilirudia mbele ya Onchiri na wenzake mpaka wote wakaacha kubisha. Kioo ni kilekile nilichowauzia.

Kisha, vitone vikiwa vichache, nikafungulia mbio za magari. Onchiri akashika vitufe, gari likapaa. Akasema kwa Kikisii, "Mbuya mono!" yaani nzuri sana, na wenzake wakamzunguka wakicheka, kila mmoja anataka zamu. Hata afande aliweka kalamu chini. Nafikiri hata mimi nilicheka.

Ndipo niliposikia sauti ya Abner kutoka seli: "Mama Trisha, inakimbia?"

Wenzake hawakumsikia kwa kelele zao. Nilimjibu inakimbia. Akasema, "Afadhali." Hakuniuliza atatoka lini. Nililia, afande, na sioni haya hilo kuandikwa.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: Mitali A.

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akakubali kuwa ni yake. Alikataa kutia sahihi mpaka seli ifunguliwe. Mlalamishi, Onchiri, ameondoa malalamiko, seli imefunguliwa, na shahidi ametia sahihi. — Koplo Haron.