Nani Aliifukuza Mvua

Jumatatu, 5 Septemba

Kengele ya kwanza, watoto nusu. Wengine wametumwa maji na mama zao. Siwezi kuwagombeza. Kijito kilichokuwa kikipita chini ya darasa sasa ni mawe, na katikati ya mawe matope. Tumefanya kujumlisha, kisha dini, kisha Padri akawachukua kufyeka njia ya kanisa.

Vuli ya mwaka jana ilikuwa haba. Masika ilianza vizuri ikakatika mahindi yakichanua. Sasa ni mihogo asubuhi, mihogo jioni. Felista, mke wangu, ananyonyesha na maziwa yanapungua. Mtoto analia kwa sauti nyembamba. Naogopa.

Jumapili, 11 Septemba

Padri amehubiri juu ya ukame. Mungu amezifunga mbingu kwa sababu watu wa milimani bado wanatambikia mizimu. Hakutaja jina. Kila aliyekuwamo kanisani alijua anayesemwa.

Anayesemwa ni mjomba wangu Kobelo, kaka yake mama. Ndiye mkuu wa ukoo wetu, na kuwaomba wahenga mvua ni kazi yake. Hajabatizwa. Anakaa juu mgongoni mwa mlima, mashamba yanapokoma na msitu unapoanza, yeye na mama na nyumba chache za ukoo. Mimi nala mkate wa misheni, lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mimi ni wa kule.

Baada ya misa nikapanda kumwamkia. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Padri wako anasema mvua imekatika kwa kuwa natambika," akasema. "Wazee wenzangu wanasema imekatika kwa kuwa sitambiki kama zamani. Nimsikilize nani, mpwa wangu?"

Akanipa ndizi nimpelekee Felista.

Alhamisi, 22 Septemba

Amefika Mdachi wa serikali anayesimamia misitu. Watu wamekwisha kumpa jina: Bwana Miti. Ana hema, askari, wapagazi. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Padri. Kiluguru hajui, na mkalimani wake ameshikwa na homa. Padri amenitoa mimi. Sikuulizwa.

Jumamosi, 24 Septemba

Baraza uwanjani kwa mjomba. Nimechoka, lakini niandike yote nisije nikayasahau.

Bwana Miti hakuanza kwa ukali. Aliagiza ndoo mbili za maji. Wanawake wakaguna, maji yale yametoka mbali. Ndoo ya kwanza akaimwaga kwenye ardhi tupu ya shamba lililochomwa. Maji yakakimbia, mekundu, yakapotelea bondeni. Ya pili akaimwaga hatua chache juu, ndani ya msitu, kwenye majani yaliyooza. Yakazama yote. Hakuna tone lililotiririka.

"Mnaona?" akasema. "Msitu unakunywa, kisha unawapa mito polepole. Ninyi mnachoma, mnalima, mnapanda juu kila mwaka. Ndiyo maana mito inakufa. Ndiyo maana hata mvua inakimbia."

Nikafasiri neno kwa neno. Nilidhani wazee watabisha. Hawakubisha.

"Hilo tunalijua," mjomba akasema. "Nilipokuwa kijana msitu ulifika pale kwenye chemchemi. Tumeukata sisi. Watu walikimbia tambarare kwa ajili ya vita na njaa, wakaja huku, wakataka kula. Mwambie hivyo. Usipunguze."

Nikamwambia. Bwana Miti akaitikia kwa kichwa, akaonekana kufurahi.

Kisha mjomba akanyoosha fimbo kuelekea chini, kule reli inakopita. "Sasa muulize. Miti ya kule chini nani anaikata? Gari la moshi linakula msitu mchana na usiku. Tulizoea kuona mawingu yakitokea upande ule. Sasa linatokea vumbi. Sisi tumekata kwa njaa. Wao wanakata kwa nini?"

Nikafasiri. Bwana Miti akatazama viatu vyake. Nadhani alikuwa na aibu, au labda nataka iwe hivyo.

"Reli si kazi yangu," akasema.

Nikafasiri hilo pia. Wazee wakacheka, si kicheko cha furaha.

Mwishoni Bwana Miti akasema lililomleta. Msitu wote wa juu ni wa serikali. Mpaka utapita chini ya nyumba za mjomba. Walio juu ya mpaka washuke.

Nililifasiri kwa sauti ya chini. Mama akaniomba nirudie. Nikarudia.

Jumatano, 28 Septemba

Nimeshuka Morogoro kutafuta chumvi. Karibu na reli kuni zimepangwa marundo marefu kama nyumba. Vilima vya nyuma yake vimenyolewa. Magogo mengine bado mabichi, yanatoa utomvu.

Nje ya mji Waislamu wamekusanyika juani wakiomba mvua, wazee kwa watoto, nguo wamezigeuza nje ndani. Nikasimama pembeni, nimevua kofia. Muuza duka ninayemjua, mtu wa pwani, akaniambia baadaye: "Mwalimu, ukame ulikuwapo hata kabla ya Wadachi. Babu yangu aliuona. Mwenyezi Mungu hutoa na huzuia." Labda. Lakini babu yake hakuona marundo yale.

Njiani kurudi nimelifikiria paa la kanisa letu. Mbao zote zile zilitoka kwenye chanzo cha kijito cha shule. Nimezitazama miaka yote juu ya kichwa changu nikisali. Hakuna anayelitaja hilo. Padri hasemi, Bwana Miti hasemi, mimi nami nimelifikiria leo tu.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mwenye askari ni mmoja tu.

Jumanne, 11 Oktoba

Vigingi vya mpaka vimepigwa. Jumbe amepita na amri: mwezi ukiandama, watu wawe wameshuka. Wamepewa mahali bondeni. Nimekwenda kupaona. Kokoto na mbung'o.

Mjomba amekataa. Hakupiga kelele. Amesema makaburi ya ukoo yako juu, na mkuu wa ukoo hawezi kuyaacha akaenda kuishi na nzi. Wengine wameanza kushusha mikeka na vinu. Nimemsihi mama. Amesema atashuka kaka yake akishuka.

Padri kasema nisijiingize.

Jumatano, 19 Oktoba

Wamezichoma nyumba.

Nilikuwa darasani. Tuliona moshi. Nikawaacha watoto nikakimbia. Nilipofika askari walikuwa wamekwisha kuwatoa watu, wanatia moto mapaa moja baada ya jingine. Nyasi kavu. Upepo wa jua kali unaopanda mlima. Mjomba alikuwa akimpigia kelele mkubwa wao, kwa Kiluguru, kisha kwa Kiswahili chake kibovu: "Moto utapanda! Subiri upepo! Utapanda!"

Mkubwa akamsukuma kwa kitako cha bunduki.

Ukapanda.

Ulishika uwanja, ukashika shamba la zamani, ukaingia msituni kwenye majani yale yale yaliyokunywa ndoo ya maji. Tulikata matawi tukapiga, sisi na askari pamoja, hata mkubwa wao amevua koti anapiga. Haukuzimika.

Mama yuko kwangu. Nywele zake zinanuka moshi.

Alhamisi, 20 Oktoba

Unawaka bado. Nyani wameshuka mpaka uwanja wa kanisa.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mjomba amefungwa. Neno lililopelekwa bomani ni kwamba wenyeji wameuchoma msitu kwa ukaidi.

Nikaenda hemani kwa Bwana Miti. Nikamweleza nilichokiona, nani alitia moto na nani alionya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Masizi yamemwingia kwenye makunyanzi ya uso. Akasema alitoa amri ya kubomoa, si ya kuchoma. Nikamwuliza kama atayasema hayo bomani.

"Msitu wangu umekwisha, mwalimu," akasema, kisha akanigeuzia mgongo.

Hata yeye analilia msitu. Namchukia. Namwonea huruma. Zaidi namchukia.

Jumapili, 6 Novemba

Mjomba alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya boma, kisha akatiwa mnyororoni. Leo nimempata, porini upande wa Kingolwira. Wafungwa wanakata kuni za gari la moshi.

Nikampa askari tumbaku, akaniruhusu nikae naye kidogo. Mnyororo shingoni, shoka mkononi. Amekuwa mdogo. Mgongo haujapona, nzi wanamkaa na hawezi kuwafukuza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako anakula?"

Nikasema anakula. Uongo. Akakaa juu ya gogo, akalipapasa gome. Mninga, akasema, mti wa zamani huu, labda uliwaona watu wa kwanza wa ukoo wakipita kwenda mlimani.

"Sasa nakata mimi," akasema. "Wakija watu wa baadaye wakiuliza nani alimaliza miti ya Kingolwira, wataambiwa Kobelo."

Nikalia mbele ya askari. Mjomba hakulia. Akaniambia niondoke, askari asije akachoka na tumbaku yake.

Jumanne, 22 Novemba

Mvua.

Ilianza alfajiri, nzito, bila upole wowote. Watoto wametoka darasani wakacheza uchi. Felista alisimama chini ya paa akakinga kila chombo tulichonacho, hata sufuria iliyotoboka. Padri akapiga kengele ya shukrani.

Mchana tukasikia mngurumo juu. Si radi. Mgongo wa mlima ulioungua umeteremka. Udongo, mawe, mizizi iliyo myeusi, vyote vimeshuka na kufunika mashamba ya bondeni, pale walipohamishiwa watu wetu. Mama mkwe wa jirani yangu hajapatikana.

Bonde lote jekundu. Mwaka mzima tuliomba maji.

Jumatatu, 5 Desemba

Mjomba amekufa. Kuhara, wamesema. Wamemzika huko huko, kando ya reli, kabla sijafika. Wakanionyesha makaburi mapya, hawakuwa na hakika lake ni lipi.

Kumwambia mama ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Jumatano, 21 Desemba

Ukoo umekaa. Kwetu jina la mkuu halizikwi. Mpwa wake hulirithi, na pamoja na jina, watu wake, makaburi yake na kazi yake. Wamenitaka mimi.

Nimewaambia mimi ni Mkristo. Wamesema wanajua. Nimewaambia sijui kama mvua humsikia mtu. Mzee mmoja akajibu, "Hata Kobelo hakujua. Alikwenda tu kusema kwa niaba yetu."

Padri ameniita kabla ya usiku kuingia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema nikilichukua jina lile, nitoke shuleni, na nyumba ya mwalimu niiache. Felista alikuwa nje ya mlango. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Mama yako hana pa kwenda, na wewe je, una pa kwenda?" Sikulala.

Jumapili, 8 Januari

Tuna kibanda cha nyasi chini ya vigingi, kando ya ardhi iliyoteremka. Mtoto anaongezeka mwili. Kwenye udongo mwekundu mwanamke mmoja wa ukoo amepanda maharage, na yameota.

Asubuhi ukungu umefunika kule juu, hapaonekani palipoungua. Nilikuwa bado kitandani. Mama akasimama mlangoni na jembe begani.

"Kobelo," akaita. "Umeamka?"

Nikaitika.