Mpira Unaofika kwa Neema

Kwako Mama Neema, mke wangu ninayekuheshimu, uliyeko kwa dada yako Mbalizi,

Yah: Uchaguzi wa mpira wa kumwagilia uani

Kwa unyenyekevu nawasilisha kwako jambo lililotajwa hapo juu, ambalo siwezi kuliamua peke yangu. Nimeiandika barua hii kwa uwazi, ili ndugu zangu nao waisome, kwa sababu simu zangu hazipokelewi na kiangazi hakitusubiri.

Utakumbuka kwamba mpira wa kwanza niliuchagua mimi. Ulikuwa wa kijani, mwepesi, wenye kung'aa, nami niliubeba begani kutoka mjini Iringa kama mtu aliyepandishwa cheo. Baridi ya Juni ikaukakamaza. Asubuhi moja ulipoukunjua ukapasuka, maji yakakurukia usoni, na Neema wetu akacheka hadi akakaa chini.

“Mama, baba katuletea bomba la mvua!”

Wa pili ulikwenda kuuchagua wewe, nami nikakusindikiza. Uliukunja katikati ili uone kama unaziba njia ya maji. Uliunusa, ukanieleza kwamba wenye harufu kali umetokana na plastiki iliyokwisha kuchoka. Kisha ukaukanyaga kwa kisigino, na mwenye duka akashtuka.

“Mama, taratibu, huyo si nyoka!”

“Akifia hapa kwako ni afadhali, baba. Kwangu ana kazi.”

Ukachagua ule mweupe wa kupenyeza mwanga, wenye nyuzi zilizosukwa ndani, wa robo tatu ya inchi, kwa maelezo kwamba koki yetu iko chini, uwanja unapanda, na mpira mwembamba ungeyachosha maji njiani. Ulisema kweli. Neema aliushika kila jioni, akimwagilia mchicha na kunilowesha viatu kwa makusudi. “Samahani, baba, vilikuwa na kiu.”

Homa iliyomchukua haikutupa nafasi hata ya kubishana nayo. Tulimzika juu ya uwanja, karibu na ua wa miti, kama ilivyo desturi ya nyumbani kwetu. Ukaotesha juu yake maua meupe uliyoyatoa Mbalizi, ukaufunga mpira kwenye koki kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, ukapanda nao hadi mwisho wake. Ulifika. Mpira haukuzidi hata kwa urefu wa mkono. Tangu siku hiyo sikukusikia ukilia ndani ya nyumba, ulikwenda kumwagilia.

Ndugu zangu walipoamua kulijengea kaburi kwa saruji na vigae, walitenda kwa heshima, kama yalivyojengewa ya wazee wetu. Wewe uliwajibu kwamba mtoto wako hatafunikwa na kitu kisichonywa maji. Mdogo wangu akakwambia, “Shemeji, kaburi la udongo watu watasema tumemtupa.” Maneno yakaishia hapo, nami nikadhani yamekwisha.

Kisha ikaja ile Jumapili. Tulirudi kanisani tukamkuta fundi aliyeletwa na mdogo wangu ameukata mpira wako. Alihitaji kipande cha kupenyeza mwanga, akitie maji, apimie levo, yaani usawa wa msingi.

“Nani amekata?”

“Ni kidogo tu, mama. Cha levo.”

“Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinamfikia.”

Mimi nikasema tutanunua mwingine. Ukanijibu, “Nunua basi, Baba Neema. Wewe si unajua kuchagua.” Kesho yake ukapanda basi.

Nakujulisha hali ilivyo sasa. Kazi niliisimamisha. Matofali yamepangwa kando ya kaburi na mifuko ya saruji imo sebuleni, mahali pa kiti chako. Mpira uliobaki unaishia kwenye mchicha. Huko juu napeleka maji kwa ndoo, lakini ndoo huchimba udongo na kuacha mizizi wazi, na maua ya upande wa kichwani yamekwisha kukauka. Sikufichi hilo.

Nimekwenda dukani. Nimekunja, nimenusa, nimekanyaga, na mwenye duka akanishikia upande wa pili, kwa kuwa anazo habari zetu. Upo mmoja wenye nyuzi, wa robo tatu, mrefu wa kufika kwa Neema na kuzidi. Upo na mfupi, unaotosha mboga peke yake. Fundi naye ameagizwa na ndugu zangu arudi Jumamosi. Mdogo wangu amesema usiponijibu atahesabu kwamba umekubali. Mimi sitahesabu hivyo, lakini siwezi kusimama mbele ya ukoo kwa neno ambalo sijapewa.

Sikuombi urudi katika barua hii. Ombi langu ni moja: niununue mpira mrefu, au nimwache fundi aendelee? Naomba uamuzi wako kabla ya Jumamosi.

Wako,
Baba Neema