Sindano ya Hamisi

Ijumaa, baada ya chakula

Eti kura ni kura! Kwenye ule utafiti wa hospitali wa kupangiwa tiba kwa kura, Hamisi alipata sindano ya steroidi ya kiwiko, mimi nikapata mazoezi ya kukamua taulo. Na ugonjwa wetu ni mmoja, wa kukata mifupa. Daktari anauita kiwiko cha tenisi. Hapa Makutano ni muuza nyama gani amewahi kushika raketi?

Bucha zetu zimepakana. Wiki ile ile Hamisi akaanza kupasua mifupa kwa pigo moja, na Mama Kendi, mteja wangu wa miaka yote, akahamia kwake. "Pole Baba Zaituni, wewe bado unaumwa," akaniambia, nyama ya Hamisi mkononi.

Nyumbani nako mke wangu ananicheka. "Kama ni kukamua, nguo za watoto ziko pale."

Muuguzi alituambia sindano hutuliza haraka, lakini baada ya miezi maumivu yanaweza kurudi, na wa mazoezi akawa afadhali. Tangu hapo, miezi sasa, nimeyangoja maumivu ya Hamisi kama mtu anayengoja mvua.

Leo nimemwona akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Hamisi, ambaye huwagombeza wanawe kwa kosa hilo hilo! Nikajua. Nikamwendea, nikamsalimia, nikaubana mkono wake wa kulia kwa nguvu zangu zote.

Machozi yalimlenga. Kisha akatabasamu, tena kwa furaha ya kweli.

"Alhamdulillahi, ndugu yangu," akasema. "Umepona."